Kisu cha Matunda na Majarida ya Sir

Jumanne, Al Baraha. Agosti inaishia na joto bado ni lile la kuoga mara mbili kabla hujatoka nje. Mimi leo nimetetemeka mchana kutwa, na si kwa sababu ya AC.

Naogopa. Acha niliandike hilo kwanza, pengine litapungua.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: nafanya kazi Rashidiya, kwa mzee mmoja mwenye asili ya Unguja anayekusanya majarida ya sanaa ya karne ya kumi na tisa. Ni majarida ya London na Paris, ya enzi ambazo picha ilichongwa kwanza kwenye ubao au bamba la shaba ndipo ichapwe. Namwita Sir, kama tunavyowaita mabosi wote huku kwa Waarabu, ingawa Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Kazi yangu ni kufuta vumbi, kupanga na kuskani. Yeye ndiye kafeel wangu, yaani mdhamini wa viza. Viza yangu inaisha mwezi ujao, na asiposaini narudi Morogoro.

Wiki iliyopita alisafiri kwenda Maskati kumwona dada yake. Aliniachia fungu moja la majarida, akasema niskani kila ukurasa, nisiruke hata mmoja. Mimi nikiambiwa kila, nasikia kila.

Jana nikafika kwenye matoleo ambayo kurasa zake zilikuwa zimeshikana. Zimekunjwa juu, zimekunjwa pembeni, ukitaka kuona ndani unachungulia kama anayechungulia mfukoni. Nikadhani ni kosa la kiwanda. Nikachukua kisu cha matunda jikoni nikazikata moja moja, taratibu, na nikajisifu kwa jinsi mkono wangu ulivyonyooka. Nilirudi nyumbani naimba.

Leo asubuhi Sir akapiga simu, amechangamka. Alisema Alhamisi anakuja mteja kutoka Ufaransa, anataka lile fungu kwa sababu halijakatwa. Akaanza kunieleza bila kuulizwa, maana anapenda kueleza. Zamani, akasema, jarida lilitoka kwa mchapaji likiwa limekunjwa tu, na aliyelinunua ndiye aliyekata kurasa kwa kisu chake, nyumbani, huku akisoma. Ambalo halijakatwa mpaka leo halijasomwa na mtu tangu lichapwe. Watu kama huyo mteja huyatafuta kwa tochi.

Nikasema, "Ndiyo, Sir."

Basi. Hilo tu ndilo lililonitoka. Simu ilipokatika nilikaa sakafuni katikati ya yale maboksi.

Nikampigia Wanjiru, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, mlinzi wa duka kubwa hapa Deira. Alicheka kwanza, halafu akaacha aliposikia habari ya viza. "Wewe zibandike tu na gundi," akaniambia. "Huyo buda hataona."

Najua mnanihukumu, lakini nilikwenda. Nilinunua gundi kwenye baqala, duka dogo la pembeni, nikarudi, nikaifungua, nikashika ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeshajipaka kwenye kidole. Kilichonizuia si ucha Mungu, nisijisingizie. Niliogopa kwamba ingefanikiwa. Ningekaa na yule mzee mwaka mzima mwingine, kila akigusa kabati moyo wangu unaruka.

Nikanawa mikono. Nikampigia.

Nilisema yote kwa pumzi moja, kisu, kurasa, hata gundi. Nilisikia redio ya dada yake, na mtu akikoroga chai. Nilitamani anitukane ili nijue nimesimama wapi.

"Ndani mna nini?" akauliza.

Sikumwelewa. Akarudia. Ndipo nikagundua kwamba nilizikata na kuziskani zote bila kutazama hata moja. Nikafungua huku nimebana simu begani, nikamsomea nilichokiona. Tangazo la rangi za mafuta. Barua ya msomaji aliyekasirika kwamba mchoraji fulani amewapa farasi miguu mirefu mno. Halafu mchoro uliojaza ukurasa mzima, mwanamke anashona dirishani, uzi wake mwembamba hata sijui waliuchongaje kwenye ubao. Nilimweleza mpaka mkunjo wa kitambaa magotini.

"Marehemu mke wangu akiniomba azikate apate kuzisoma," akasema Sir. "Nikimkatalia. Mpaka kafa."

Nikasema pole, Sir.

"Nafika kesho asubuhi. Uwepo."

Simu ikakatwa. Hakutaja viza. Hakutaja mteja. Hakusema nimekosa wala hakusema yamekwisha. Wanjiru anasema hiyo ni dalili njema, khalas, basi, nile. Amepika ugali na sukuma wiki, na mimi nimemega tonge moja tu.

Nimemfikiria pia yule mama, ambaye sikumkuta. Alikaa miaka na yale majarida ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimi nimeyafungua kwa kisu cha kumenyea embe, na sikuangalia.

Sijui kama kesho ananiita kazini au ananiita nikachukue vitu vyangu. Nitavaa nguo za kazi.