Mazao Yasitoke Mpaka

Jumatatu, 1 Juni
Nakoboa mahindi tangu asubuhi. Pumba hadi kwenye nyusi. Kakese yote imevuna, mashine haipumziki, nami sinung'uniki. Ngasa, jirani yangu mfugaji wa Kisukuma, kaja kuangalia kiwanja nyuma ya banda. Jumamosi anauza ng'ombe mnadani tuongeze mashine ya kusaga, tuuze sembe yetu wenyewe. Kiwanja changu, ng'ombe zake. Fundi keshapima msingi. Nimefurahi mpaka nimepika wali siku ya kazi.

Jumatano, 3 Juni
Tangazo kwenye grupu la kijiji. MAZAO YASITOKE MPAKA. Herufi kubwa. Basi, wametufunga tena. Mwaka juzi walifunga hivihivi, kuja kufungua dumuzi wameshashiba mahindi yetu ghalani. Nimezima simu kwa hasira. Mteja wa Kigoma kageuza gari njiani.

Alhamisi, 4 Juni
Mzee wa geti la mazao anarudisha kila gari. Hata la debe mbili za msibani.
Ngasa kaja, hakukaa. "Mayu, mama yangu, mambo yakiharibika ng'ombe namswaga. Mashine utaiswaga?" Hauzi tena. Nimemchukia kidogo, halafu nikaona ana haki. Nani anajenga juu ya matangazo?
Fundi nimemwambia asubiri.

Ijumaa, 5 Juni
Nimemkuta bwana shamba sokoni, nikamvaa mbele za watu. Kila mwaka mnatufungia, tutakua lini? Kashangaa. Kaomba simu yangu, kabonyeza "soma zaidi". Chini yake: YAKAUKE VIZURI.
Mazao yasitoke mpaka yakauke vizuri. Kumbe mahindi mabichi yamekuwa yakivunda kwenye magari, ndiyo wakakumbusha. Sisi tumesoma mpaka wa wilaya. Kijiji kizima, hata mzee wa geti. Nimecheka hadi nikashika meza ya muuza nyanya.
Kisha hasira ikarudi. Hakuna hata mmoja aliyebonyeza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeshaumwa. Nimemwambia: siku mkifunga kweli, tuambieni kabla hatujapanda. Kasema atafikisha. Haya.

Jumamosi, 6 Juni
Magari yanapita. Mzee wa geti anatafuna punje ya kila gunia. Ikilia jinoni, ruksa. Jioni atakuwa hana meno.
Ngasa kaenda mnadani, kauza nusu tu. Nusu nyingine zikae, anasema, zisubiri tangazo lijalo. Tutanunua mashine ndogo. Simlaumu. Nimemkaangia kuku.

Jumanne, 16 Juni
Upepo mkavu, mzuri kwa mahindi. Msingi umekauka. Nimekunywa chai nimeukalia, miguu inaning'inia.
Fundi kauliza, "Mama, ukuta nijenge mpaka wapi?" Nimecheka peke yangu, yeye kasubiri na mwiko wake. Nikamwambia mpaka kwenye bati. Kapanga tofali la kwanza.