Leta Haimlipi Mama

Jumapili, tarehe 8 Juni 2025. Pentekoste

Kuanzia leo nitaandika yote kama yalivyotokea, hata yale yanayonionyesha vibaya. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nimepata kipaimara. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama alivaa liputa jipya la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hii. Tulikuwa bado kwenye mstari, mara namwona Mama Cathy, yule anayefuga nguruwe kule Kikula, anapita ameinama kati ya viti mpaka kwa Mama. Akamnong'oneza: nguruwe wake anashindwa kuzaa, daktari aje.

Mama alinitazama. Halafu akatoka!

Askofu aliponipaka mafuta kwenye paji la uso, kiti cha Mama kilikuwa kitupu. Papa, baba yangu, alikiwekea kofia yake juu, ati kinangojea mtu.

Mama alirudi nyumbani wageni wameshaondoka. Damu kwenye liputa mpaka magotini. Aliwavuta watoto wa nguruwe waliofia tumboni, akamdunga mama yao sindano ya antibiotique. Papa akauliza kama wamelipa. Mama akasema tunajua desturi: mnyama apone kwanza. Akipona, watu wanalipa. Akifa, daktari ashukuru asipotukanwa.

Desturi gani hiyo? Mwalimu analipwa hata mwanafunzi akianguka!

Jumanne, tarehe 10 Juni

Masœur Berthe, sista aliye prefe, mkuu wa shule yetu, anataka kila mmoja wa darasa la nane amwambie Ijumaa option, yaani mchepuo, atakayochukua. Mimi najua tangu zamani: chimie-biologie, halafu université ya Lubumbashi, udaktari wa wanyama. Kama Mama.

Papa akasema: "Tuko na docteur moja mu nyumba, inatosha. Kamata commerciale, ile ya biashara, mwanangu. Utakula."

Nilimngoja Mama aseme neno. Ndiyo, au hapana. Simu ikalia — ng'ombe wa mtu — akaondoka na mkate mkononi.

Jambo hili hatulisemi nje, lakini hapa nimeahidi yote. Mama ana ofisi ya Serikali, koti jeupe, muhuri. Kila asubuhi yuko abattoir, machinjioni, anakagua nyama ya mji mzima na kuipiga muhuri. Lakini hana matricule, namba ya mtumishi, na mtu asiye na matricule Leta, yaani Serikali, haimjui. Haijamlipa mshahara hata mara moja, tangu mimi ni mtoto mchanga. Tunaishi kwa kazi ya Papa ya kiwandani na kwa sindano za Mama. Wakati zinalipwa.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mama Cathy amekuja anacheka, beseni kichwani. Ndani yake paja zima la nguruwe!

"Docteur, malipo yako njo haya! Tulimuchinja mbele ya kufa. Unaona? Siye hatusahauke batu."

Nguruwe yuleyule wa sindano! Mama alishawaambia nyama yake isiliwe. Akauliza nyingine iko wapi. "Iko ku nyumba, tutauzisha kesho."

Kaka yangu Jimmy akasema: "Tuile tu! Dawa iko ndani, hatutagonjwa mpaka Noeli." Papa peke yake alicheka, tena kidogo.

Mama akalimwagia paja pétrole, mafuta ya taa, lisiliwe. Kisha akachukua kidumu, akaenda Kikula. Nilimfuata. Uani nyama ilikuwa imepangwa juu ya bashi, turubai la plastiki, safi kabisa. Akaimwagia yote.

Majirani wakajaa. Mama Cathy akapiga makofi, akalia: "Batu, muone! Weye unakula mushahara ya Leta kila mwezi, minye ninakula ku ngulube! Watoto wangu watakula nini? Muhuri yako?"

Mama alisimama kidevu juu, kama mtu anayelipwa kweli. Sikuweza kuvumilia.

"Leta haimulipake!" nikapiga kelele. "Hata siku moja! Na weye pia haukumulipa!"

Halafu mwanamume mmoja nyuma: "Aa! Docteur anatumikaka bure?" Na mwingine, polepole: "Bon. Sasa nani anamulipaka juu ya kupiga muhuri ku nyama yetu?"

Wakacheka. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Mama alitembea mbele yangu njia yote, vumbi likipanda nyuma ya viatu vyake. Hakugeuka.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mama hasemi nami. Ananipa chakula, anamwambia Jimmy: mwambie dada yako ale.

Papa kaniambia: asubuhi pale abattoir, muuza nyama mmoja alimuuliza Mama, mbele ya wote, muhuri leo ni bei gani.

Namchukia mtu huyo. Nachukia Leta. Nauchukia mdomo wangu. Lakini sikusema uongo! Kwa nini aibu iwe yake, wakati asiyelipa ni mwingine?

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Masœur aliniita. "Chérie, option gani?" Nikamwomba muda. Akanipa mpaka mchana. Nimekimbilia nyumbani.

Mama yuko Buluo tangu asubuhi, ng'ombe tena. Papa amenipa simu yake: "Mimi nilishasema yangu. Muulize yeye." Nimeandika: Mama, samahani kwa ajili ya Kikula.

Halafu ikaingia sauti iliyorekodiwa. Upepo, watu wanapiga vigelegele, na Mama anahema: "Chérie! Ndama iko muzima! Dume! Nilimugeuza ndani na mukono, sikie, anapumua!" Na anacheka. Anacheka kama msichana!

Nimeisikiliza tena na tena. Hasira imerudi, nyingine. Kwa nini kicheko hicho hakifiki nyumbani kwetu? Kwa nini ng'ombe wa watu ndio wanaokisikia? Na kwa nini na mimi, badala ya kulia, ninataka mkono wangu uwe humo ndani?

Juu ya Kikula hakujibu kitu. Saa inakwenda. Nimemtumia hivi:

Mama, Masœur ananingoja. Usiniambie mambo ya Papa. Ungekuwa mimi leo, na unajua yote unayoyajua, ungechagua tena kazi hii? Jibu sasa hivi: ndiyo au hapana?