Wanakuita Chuoni, Mzee

Mzee,

Wewe ni mkaidi, na kufa hakujakuponya. Miaka yote nilikuambia: A yako si A. Ni chungu. Unachora duara, unaweka kamkia kadogo pembeni ambako hata kuku hawezi kukadonoa, halafu unasema huo ndio mwandiko wa watu waliosoma zamani. Mimi niliyeishia darasa la tatu naandika A yenye miguu miwili na mshipi kiunoni. Angalia hapa: A. Inasimama. Yako ilibingirika mpaka chuo kikuu ikatuletea matata.

Unakumbuka siku tuliyompeleka mjukuu wetu kuripoti. Ulivaa koti la kanisani. Fomu ya kuandikishwa uliipokonya mkononi mwa mtoto: "Lete, mimi ndiye babu." Ukaijaza ulimi nje, kama ng'ombe anayelamba chumvi. Mimi nimekalia godoro lake nakutazama, na ninakubali, nilijivuna. Wiki tatu baadaye tulikuzika.

Basi tangu tukuzike, huyo mjukuu wetu Achieng alianza kuja nyumbani. Kwanza Ijumaa. Halafu Alhamisi. Halafu nikamkuta Jumanne mchana anaanika omena yangu, hao dagaa wa kupeleka sokoni Otonglo.

"Chuo kimefungwa?"

"Hapana, Dani."

Dani, yaani mimi bibi yake, nikashuku. Nilimtazama tumbo. Nilinusa nguo zake. Nilipekua mkoba nikitafuta picha ya mwanaume, nikakuta kalamu mbili na mkate mkavu. Nikamwambia, kama kuna kijana huko Nyalenda anayekununulia chapati, mlete nimhesabu meno. Akacheka kidogo, akarudi kwa omena.

Wiki iliyopita akaja mtu. Kijana wa tai, kitambulisho shingoni, viatu vimejaa vumbi la Kisian. Eti anatoka chuoni, kwenye ofisi mpya ya kuzuia wanafunzi wasiache masomo. "Mama, tunamtafuta Ochieng. Haonekani darasani."

Mzee, niliinua ufagio. Si unajua matapeli wanavyosikiliza matangazo ya vifo, kisha wanakuja na hadithi? Nikamwonyesha kaburi lako. "Ochieng ni huyo. Muulize mwenyewe kwa nini hasomi."

Akatazama kaburi, akatazama simu yake. "Hapa imeandikwa mwaka wa kwanza, Mama."

Mwaka wa kwanza! Mtu mwenye meno manne. Nikakushuku hata wewe, nikafikiri labda ulijiandikisha kwa siri, maana ulipenda vyeti.

Halafu akasoma swali: "Je, mwanafunzi wenu anajisikia kuwa mmoja wa familia ya chuo?" Nikamwambia familia hiyo siijui, mnataka nini, mchango? Nyuma yangu nikasikia sufuria ikianguka. Achieng amesimama mlangoni, analia.

Yote yakatoka. A yako, karani aliisoma O, na Achieng wa kike akawa Ochieng wa kiume. Wakampa kitanda katika hosteli ya wavulana. Matroni alipoona ni msichana akamfukuza mlangoni, na tangu hapo analala sakafuni kwa msichana mmoja mwenye huruma. Darasani mwalimu akaita Ochieng, yeye akaitika, na darasa zima likaangua kicheko: "Ochieng wa sketi!" Siku ya pili hakuitika.

"Na kwa nini hukuwaambia warekebishe?" nikamfokea. "Uliuza ulimi?" Nilidhani ni aibu tu. Aa-a.

"Nilikuwa niende, Dani. Halafu Kwara, babu yangu, akafa. Sasa wanaita jina lake kila asubuhi. Nikisema ni kosa, watamfuta."

Mzee, hapo kalamu ilinikatalia. Nimeirudia baada ya chai.

Ndivyo mtoto wetu alivyokuwa akikaa, darasa limejaa hadi madirishani, babu yake anaitwa na hakuna anayeitika. Mwalimu anaandika hayupo. Mwisho wa mwezi wangemwondoa kwenye rejista.

Nikamgeukia yule wa tai. "Familia gani inamwita mtoto jina la marehemu, halafu inatuma mtu kuuliza kwa nini mtoto haitiki?" Akaandika kitu. Siwaamini watu wanaoandika huku wamenyamaza.

Jana nikaenda mwenyewe, na Achieng, na cheti chake cha kuzaliwa, na kile kitabu cha mazishi yako chenye picha. Karani anatuambia tujaze maombi kwenye kompyuta, tungoje. Nikaweka picha yako mezani. "Huyu ndiye Ochieng. Kama mnamtaka darasani, chukueni jembe mje." Yule wa tai akatoka ndani mbio. Akafuta O, akaandika A, nami nikamsimamia mpaka miguu yote miwili ikasimama. Kisha akampa mtoto mkono: "Karibu, Achieng."

Alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Tangu aripoti, hakuna mkubwa wa pale aliyewahi kumwita jina lake.

Kitanda watampa Jumatatu. Ndivyo wanavyosema. Mimi nitakuwepo, na kama hakipo nitalala mlangoni kwa matroni tuone nani atachoka kwanza. Yule kijana akaniuliza wafanye nini wanafunzi wasiondoke. Leo wananiuliza mimi! Nikamwambia, siku ya kwanza muulizeni mtoto jina lake, halafu mnyamaze mpaka amalize kulitaja. Akaandika hilo pia. Bado namshuku.

Basi lala, Mzee. Nakuahidi jina lako nitaliita mimi, kila asubuhi nikifungulia kuku, ili mtoto asilibebe peke yake.

Na wewe nisikilize, walau mara hii moja. Jumatatu saa mbili wataita rejista. Hata kama ulishaanza kupenda kuitwa chuo kikuu, hata mwalimu akikosea tena kwa mazoea, funga mdomo. Usiitike. Mwache Achieng aitike mwenyewe.