Rubani Niliyemfufua kwa Disketi

Mtani wangu Rashidi,

Barua zetu siku zote huanza kwa kuulizana hali, na mimi nimekaa hapa nusu saa nimekwama kwenye mstari wa kwanza. Hali yako naijua, nilishika koleo kaburini kwako kwa mikono yangu. Ya kwangu hukuwahi kuiuliza hata ulipokuwa hai. Basi tuanze na ugomvi, maana ndio tuliouzoea.

Bosi ameleta kompyuta mpya. Ile yetu ya zamani, yenye kioo kinachotetemeka kama mtu mwenye baridi, itafutwa yote Jumamosi ipelekwe shule moja ya Chemba, watoto wakajifunzie kuchapa. Na wewe bado umo ndani yake. Jina lako liko juu kabisa kwenye orodha ya marubani ya ule mchezo wetu wa ndege, Rashidi, safari thelathini na mbili, na pembeni kompyuta imeandika kwa Kiingereza chake kwamba uko hai. Uongo. Rubani wako alikufa zamani. Nilimuua mimi, nikamfufua mimi, na wewe umeingia kaburini hujui. Naandika wazi, barua hii siitii kwenye bahasha, kwa sababu uongo wenyewe umetembea mji mzima, kuanzia hapa ofisini mpaka kwa mama yako.

Msibani nilitakiwa nikutanie. Wote waliokuwepo walikuwa wananisubiri. Mimi Mgogo, wewe mjukuu wa Wanyamwezi waliopita hapa na mizigo ya misafara wakaishia kujenga mjini. Babu zako walilipa hongo, ule ushuru wa njia, kwa babu zangu ndipo wakaonyeshwa maji, na hilo nilikukumbusha kila siku ya Mungu. Ilikuwa haki yangu nisimame uani kwenu, niige unavyotembea, niseme marehemu alikuwa mbishi na mchoyo wa karanga, wafiwa wacheke kidogo. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mama yako mdogo akanipigia kelele, "Wewe Mgogo, leo umekuwa bubu? Mtani gani wewe?" Nikarudi nyuma, nikajificha kwa wanaume waliokuwa wanapasua kuni. Nilichokuwa nacho mdomoni ni hiki hiki cha kompyuta, na hakikuwa cha kuchekesha.

Unakumbuka ilivyofika ile mashine? Bosi alikuwa ameachana na biashara ya vitenge, akasema sasa kila mtu ana barua ya kuandika na cheti cha kutoa kopi, huko ndiko kwenye biashara. Akaagiza kompyuta iliyotumika kutoka Dubai, mimi mpiga taipu nikaambiwa nijifunze mwenyewe. Wewe ukaitwa kutoka kibanda chako cha kutengeneza redio uje uangalie waya zake. Ukaiwasha, ukapekuapekua, ukakuta humo ndani mwenye nayo wa zamani kasahau mchezo: ndege za kivita zinazoruka kutoka juu ya meli na kurudi kutua juu ya meli. Loo! Sisi watu wa Dodoma! Meli tulikuwa tunaiona kwenye kalenda tu. Ukavuta kiti, na tangu siku hiyo kila alasiri ulikuwa wangu.

Na ungecheza kama watu wengine, tusingefika huku. Lakini wewe ulikwenda kuazima kamusi. Ukakuta ukurasa wa kupanga mambo yawe ya kweli kiasi gani, umejaa misaada: mafuta yasiyoisha, makombora yasiyoisha, ndege kutua yenyewe, rubani kutokufa. Ukaizima yote, mmoja mmoja, kama mtu anayenyonyoa kuku.

"Acha hata huo wa kutua," nilikuomba.

"Mla mlenda wewe," ukasema. "Rubani wa kweli nani anamshikia usukani? Na akifa, amekufa. Jina linafutwa. Hakuna kurudi."

Haya. Tukaanza kuzama. Majina yetu yote tuliyazamisha, tukaingia kwenye majina ya wajomba, tukazamisha na wajomba. Halafu ukamsikia yule mjomba wangu wa zimamoto pale uwanja wa ndege akieleza kwamba ndege ikiwa imesimama chini hapa Dodoma, mshale wake wa kimo unasoma zaidi ya futi elfu tatu na mia sita, kwa sababu mji wetu umekaa juu. Ukaiandika ile namba kwenye kikaratasi, ukakibandika kwenye kioo kwa gundi. Ikawa kila tukirudi kutua unashuka mpaka elfu tatu na mia sita, unanyoosha, unaanza kutafuta meli. Wiki nzima, Rashidi! Wiki nzima tunatafuta meli mawinguni mpaka mafuta yanakwisha. Nilikwambia bahari iko chini, meli itakaaje huko juu? Ukanijibu mjomba wangu ni mtu wa uwanja wa ndege na mimi ni mtu wa taipu. Kile kikaratasi nilikibandua mwenyewe siku uliyokwenda Kondoa, na uliporudi ukajifanya hukuwahi kukiandika.

Lakini ulijifunza, hilo sikunyimi. Ulikuwa unachora kwa chaki kwenye sakafu, wateja wanaruka michoro kama wanaruka madimbwi. Ukimwona adui mmoja usimkimbilie, tafuta kwanza wa pili, maana huyo usiyemwona ndiye atakayekuua. Rada usiiache imewaka muda mrefu, ni kama kupiga kelele ukiwa umejificha. Usikate kona kwa hasira, mwendo utakufia mkononi halafu utabaki unaning'inia pale kama nguo kwenye kamba. Na kabla ya yote, hesabu mafuta ya kurudia. Mimi nilikuwa utingo wako, nakaa pembeni nasoma rada na geji kwa sauti, wewe unaendesha, na nikichelewa sekunde mbili unanitukana. Tulikuwa wazuri. Ulikuwa mzuri. Nakiri, ingawa ningependa kukiri ukiwa unasikia.

Kilichoniudhi, na mpaka leo kinaniudhi nikikaa tu, ni kile kitufe cha kusimamisha. Kilikuwepo pale kwenye kibodi, kinabonyezwa mara moja, ndege inaganda hewani, mtu anahudumia mteja wake, anarudi. Wewe ukakipiga marufuku. "Hewani hakuna kusimama." Akija mama wa watu na cheti cha ubatizo anataka kopi mbili, mimi naamka, nikirudi nakuta umenuna, eti nimekuacha peke yako vitani.

Sasa ile Jumatano. Ulikuwa unarudi melini, umeshamaliza kazi, mafuta yamebaki kidogo lakini yanatosha. Ikaadhiniwa alasiri. Mtu mwenye akili angebonyeza kile kitufe akaenda zake kuswali. Wewe ukasimama, ukanivuta kwenye kiti chako, ukasema, "Nishikie. Nyoosha tu, usiguse kitu. Nitarudi kabla hujafika." Nikasikia kandambili zako zinakimbia barazani.

Nikashika. Sikugusa kitu. Lakini meli haikungoja imamu amalize. Nikaiona inakuja, kidogo kama kiberiti, halafu kubwa, na ile taa ya upande wa kushoto uliyokuwa unaniimbia kila siku niifuate. Nikaifuata. Nakuapia, mteja mmoja alikuwa dirishani ananiuliza bei na sikumjibu. Nilikuja vizuri kabisa, Rashidi. Na ulikuwa umenifundisha mara mia: matairi yakigusa sitaha, ongeza moto mpaka mwisho, palepale, usipunguze, kwa sababu ile ndoano ya mkiani ikikosa waya uliotandazwa sitahani kuikamata ndege, utahitaji mwendo wa kuondoka tena. Mara mia. Lakini mimi nimekulia Gulwe, baba yangu alikuwa wa reli, nimelala na kuamka nikiangalia treni zinaingia stesheni. Kinachofika kinapunguza mwendo. Hilo limo mwilini mwangu, si kichwani. Matairi yakagusa, mkono wangu ukapunguza. Ndoano ikakosa waya. Ndege ikatembea taratibu mpaka mwisho wa meli, ikainama, ikaingia majini na wewe ndani.

Kompyuta ikaandika kwamba Rashidi amekufa.

Unajua kazi yangu ilivyo. Kila siku saa sita nilikuwa nanakili kazi za wateja kwenye disketi, na pamoja nazo nanakili faili la marubani, kwa mazoea tu. Sikufikiri hata dakika. Nikaingiza disketi, nikakurudisha ulivyokuwa saa sita, nikazima kompyuta ukutani. Ulipoingia miguu bado ina maji ya udhu nikakwambia, "Umeme umekatika."

Ukalaani watu wa umeme, na watoto wao, na nguzo zao. Halafu umeme "ukarudi", ukairudia ile safari toka mwanzo, ukatua bila taabu, ukanigeukia ukasema, "Umeona? Ni hivyo tu." Mashine ya kinyozi wa jirani ilikuwa inanguruma muda wote ule, na wewe fundi wa redio hukuisikia. Au uliisikia ukaninyamazia? Hapo napo pananikera. Nani nitamuuliza sasa?

Nilitaka kukwambia kesho yake. Kesho yake ukaja na mwenzako wa msikitini kumwonyesha orodha. Keshokutwa ukaleta wawili. Ukafikisha safari ishirini, ukapita ishirini na tano, misaada yote imezimwa, hujafa hata mara moja, na kila mmoja aliyekuja kutoa kopi ukamsimulia. Mama yako, ambaye kompyuta alikuwa hajaiona, akawa anawaambia watu kwenye shughuli, "Mwanangu hajawahi kuanguka." Nilikuwa nasikia, naangalia chini, nachapa. Kila safari uliyoongeza ilikuwa inanifunga mdomo zaidi. Nilikuona una furaha, na nilikuwa mwoga. Hayo mawili ndiyo yote, sina sababu nyingine ya kukupamba nayo.

Sasa nifike nisikotaka kufika.

Uliposhikwa na homa ulikaa siku ya kwanza, ukanunua vidonge dukani. Siku ya pili vidonge vingine, duka jingine. Siku ya tatu nikaazima pikapu ya mjomba, nikaja kwenu saa tatu asubuhi. Shangazi yangu ni muuguzi hospitali ya Mvumi, nilikuwa nimeshampelekea habari, alikuwa anatusubiri. Nilikukuta umejifunika blanketi mbili, midomo imekauka, macho ya njano. Mama yako alikuwa ameshakubembeleza mpaka amechoka.

"Inuka, mtani," nilikwambia. "Twende Mvumi, utarudi jioni."

Ukacheka. Kucheka kwenyewe kulikuwa kunakutoa jasho. Ukasema, "Nimerudi melini mara thelathini na mbili, bila msaada wa mtu, sijafa hata mara moja. Leo homa ndiyo iniangushe?"

Mama yako naye akacheka, maskini, akaona kwamba kama unaweza kutania basi unapata nafuu. Mimi nilikuwa mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Maneno yalikuwa yamefika hapa kooni: Rashidi, ulikufa. Ulikufa siku ile ile ulipoacha ndege kwa mtu mwingine, unakufa kama watu wote, inuka twende. Nilijua ukisikia hayo utanikasirikia mpaka ushindwe kulala, na wewe ukikasirika ulikuwa unasimama. Ungesimama ukanifuata mpaka kwenye gari kunitukana. Nilijua. Nikaona aibu mbele ya mama yako, nikasema, "Haya, nitapita kesho." Nikairudisha pikapu. Kesho yake nilipita, na uani kwenu walikuwa wameshatandika mikeka.

Bora ungenichukia ukiwa Mvumi umetundikiwa dripu.

Nina hasira na wewe, kichwa kigumu wewe, uliyeona msaada ni aibu. Nilijaribu kuiacha hasira iishie hapo kwako na imekataa, kila usiku inarudi kwangu. Ulisema akifa amekufa, na mimi niliyekubishia ndiye niliyekuacha uamini kwamba wewe hufi.

Leo mchana, wateja wamepungua, nimefungua ile orodha. Sikusubiri wafute wao Jumamosi pamoja na barua za watu. Nimeweka kidole kwenye jina lako, nimelifuta mwenyewe, na disketi nimeivunja vipande viwili. Kanuni yako nimeitimiza, imechelewa.

Imebaki ya mama yako. Bado anawaambia wanaokuja kumpa pole kwamba mwanawe hakuwahi kuanguka. Kesho asubuhi nakwenda kumwamkia, nikae chini pale uani, nimsomee barua hii yote, na habari ya ufunguo niliokuwa nao mkononi. Akinifukuza, sitambishia.

Lala, Rashidi.

Mtani wako