Gari la Mkate na Stika ya Kuazima

Jumamosi, 4 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, ninautangazia ukoo mzima, walio macho na waliolala, kwamba tangu Jumatatu nimekabidhiwa ufunguo wa gari. Ufunguo umefungwa kwenye samaki wa plastiki asiye na mkia.

Sisi huku hatujambo, mimi na chumba changu. Goti lako, lile lililochoshwa na klachi miaka yote ya udereva, linaendeleaje? Mama anasema kila jioni unalichua huku ukilitukana.

Kazi ni kusambaza mikate madukani. Gari ni zee lakini lina adabu: likiombwa kupanda mlima, hukohoa kwanza. Mshale wa mafuta umelala tangu kabla sijaajiriwa. Tajiri anasema mafuta ya gari lake hupimwa kwa moyo. Mchoma mikate ananiita Rubani. Nani angeamini, baada ya kufeli mtihani wa leseni mara tatu?

Jambo moja la kuchekesha. Tajiri ana magari mawili, hili na lake la kutembelea, lakini stika ya bima ni moja. Kila alfajiri anaibandua kule, anakuja kuigandisha kwenye kioo cha huku kwa uji wa unga na sukari. Sisimizi wamepajua. Wanapanda kioo kwa mstari kama watoto wa shule.

Mpwa wako,
Rubani


Alhamisi, 9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limepokea salamu, halijajibu. Mama yako mzima. Barua yako amewasomea majirani, na pale kwenye samaki aliombwa arudie.

Nimecheka mpaka nilipofika kwa sisimizi. Hapo nikavua miwani, nikaifuta, nikaanza upya.

Sikiliza. Trafiki akinyoosha mkono, hamsimamishi tajiri. Tajiri yuko kwake anapuliza chai. Anayesimamishwa ni aliyeshika usukani, na ndiye anayeulizwa: bima iko wapi, ukaguzi uko wapi, kadi ya gari iko wapi? Ukimwambia gari si lako, atakuambia mikono ni yako. Tajiri naye ataitwa, sikatai, lakini baadaye, akiwa ameshaoga. Wewe utakuwa umeshafika kwa hakimu, na leseni uliyoitolea jasho iko mezani kwake.

Kwa hiyo kabla hujawasha, isome hiyo stika. Namba yake ni ya gari lipi? Tarehe yake i hai au imekufa? Kama si ya gari lako, rudisha ufunguo kwa mikono miwili, kwa adabu, mbele za watu. Mwenye hasira hupata wa kugombana naye; mwenye adabu huwakosesha watu pa kushika.

Najua kazi haziokotwi. Lakini ukiwa na leseni utatafuta kazi nyingine. Bila leseni utaitafuta ukiwa abiria.

Mjomba wako


Ijumaa, 17 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Usiulize kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa sina kazi. Mama usimwambie, maana sasa ninayo.

Jumatatu alfajiri, mikate imeshapakiwa, nikaisoma stika. Namba ya gari la kutembelea! Nikamrudishia tajiri samaki wake kwa mikono miwili. Mchoma mikate akaacha kupuliza moto.

"Bosi, gari hili halina bima. Naomba nisiliendeshe."

"Wewe kazi yako usukani. Karatasi niachie mimi."

"Trafiki hatakuja kwako, bosi. Atakuja kwangu."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Mjomba."

"Basi kaajiriwe na mjomba wako!"

Akapanda mwenyewe, na kandambili zake. Akawasha. Akazima. Maduka hayajui hata moja. "Panda hapo," akasema bila kunitazama. "Unionyeshe njia, halafu uende zako."

Hatukufika hata duka la kwanza. Kwenye mzunguko wa barabara alisimama trafiki, mama mmoja mwenye miwani.

"Dereva, mbona kioo chako kina msafara?"

Akawafuata sisimizi kwa kidole mpaka kwenye stika. Akasoma. Akazunguka mbele, akasoma namba ya gari. Akarudi bila haraka, kama mtu aliyeshashiba.

Tajiri, sijui pepo gani alimpanda, akasema, "Afande, mimi dereva tu. Karatasi muulize mwenye gari."

"Vizuri. Ninayemtaka kwanza ni dereva."

"Ah, nilitaka kusema mimi ndiye mwenye gari!"

"Vizuri zaidi. Mmekuja wote wawili."

Mjomba, niliuma ncha ya mtandio nisicheke. Gari likazuiliwa. Mikate niliiuza palepale kwa waliokwama kwenye foleni, nayo ikaisha tajiri akiwa bado anaandikwa.

Jana akaja mlangoni kwangu, samaki mkono mmoja, bahasha mkono wa pili. Bima mpya, ukaguzi, kadi.

"Soma," akasema.

Nikasoma mpaka nyuma.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika, bosi."

Akanikabidhi samaki. "Huyo mjomba wako anafanya kazi gani siku hizi?"

"Anachua goti."

Ameniruhusu Jumapili ya tarehe 2 Aprili nije na gari niwachukue wewe na mama mje kuliona tanuri. Viti vya mbele ni vitatu, na bima imevitaja.

Mpwa wako,
Rubani (mwenye karatasi)


Jumamosi, 25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, na ya tatu ni ya yule trafiki. Huku mtaa mzima umeshaambiwa. Fundi viatu amesema atafunga kibanda siku hiyo ili ashuhudie. Mama yako anashona gauni, mimi nimetoa koti kabatini. Nitasimama katikati ya barabara, nitanyoosha mkono, nitakukagua mbele za watu. Usitegemee huruma. Ukikosa karatasi moja, sipandi.

Mjomba wako


Jumapili, 2 Aprili (ujumbe wa simu)

Shikamoo Mjomba. Mimi mzima, gari zima. Hapa nilipo naliona bati la nyumba yenu, na nadhani koti lako nalo naliona. Njiani trafiki amenisimamisha. Amekagua bima, ukaguzi, kadi, leseni. Akageuza kila karatasi mara mbili, akakosa kosa la kuandika, akanitakia safari njema kama mtu aliyekata tamaa. Kila kitu kiko kama ulivyonifundisha. Acha kunyoosha mkono, watu wanachoka. Njoo na dumu. Mafuta yameisha.

Mpwa wako