Siku Mwanao Aliposimamisha Zege

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya karakana ya maseremala.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wote wa nyumbani. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, au bado unabeba vitu vizito ukijifanya kijana? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, lakini bado napanda. Shemeji yako ni mzima, na amenipiga marufuku kuweka sukari kwenye chai. Naweka akitoka.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katika barua yangu iliyopita nilikuandikia kwamba mwanao, tangu aje kwangu, kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima akizungushazungusha picha za nyumba, na kwamba sioni faida yake. Nawe ukakasirika, ukampigia simu kumwamuru aache kazi na arudi nyumbani ifikapo mwisho wa mwezi. Mdogo wangu, maneno yale yalikuwa yangu na yalikuwa ya kijinga. Naandika leo kuyafuta.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yake, maana hata mimi nilichelewa kuielewa. Hospitali tunayoijenga imo yote ndani ya kompyuta yake: kila nguzo, kila nondo, kila bomba na waya. Mhandisi akisogeza ukuta, au fundi bomba akibadili njia, yeye ndiye anayeingiza mabadiliko, anakagua kama bomba halijagongana na boriti, kisha anatutumia mchoro mpya kwenye tableti zetu. Kila asubuhi anapita na kikapu akikusanya karatasi za zamani, asije mtu akajenga kwa mchoro ambao umeshabadilishwa. Mafundi wanamwita Mama Ramani.

Mimi, kichwa kigumu kama unavyonijua, tableti niliifungia kwenye sanduku la misumari. Mchoro wangu wa karatasi nikawa naukunja mara nne na kuuficha ndani ya helmeti. Kila asubuhi ananijia, "Shikamoo baba mkubwa, una karatasi yoyote?" Nami najibu, "Marahaba mwanangu, sina." Mtu mzima na mvi zangu, namdanganya mtoto huku karatasi inanikuna utosini!

Basi Jumanne iliyopita tulikuwa tunamwaga sakafu ya ghorofa ya tatu. Nondo tumeshafunga, mbao tumeshagongomea, gari la zege linanguruma chini, na mafundi kama arobaini wamesimama na makoleo. Mwanao akapanda na tableti yake, akazunguka, akachuchumaa kwenye kona, akahesabu. Akaja kuniuliza matundu ya mabomba upande wa mashariki yako wapi. Nikamwambia yapo yote. Akasema kwenye mchoro wa wiki hii ni sita, na yeye anaona mawili.

Weee, nilifoka! Nikamwambia nilianza kumwaga zege kabla baba yake hajaota ndevu. Mafundi wakacheka. Mkandarasi naye akaja juu, anapiga kelele kwamba zege litagandia kwenye gari. Mwanao hakupandisha sauti hata kidogo. Akasema, "Halimwagwi," akasimama pale pale mbele ya mpira wa kumwagia zege. Nikavua helmeti nijifute jasho la hasira, karatasi ikaanguka miguuni mwake.

Akaiokota, akaikunjua, akasoma tarehe. Ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Kumbe wodi ya watoto wachanga ilishahamishiwa ghorofa ile, na yale matundu manne niliyoyakosa ndiyo ya kupitisha mabomba yao ya oksijeni. Tungemwaga, tungekuja kutoboa sakafu na pengine kukata nondo. Gari likaondoka na zege lake. Mimi nikanywea, sina pa kuficha uso.

Sasa sikia alivyonishinda. Kila kosa lazima liandikwe kwenye kumbukumbu za jengo, na kuliandika ni kazi yake. Nikajua atanifichia, maana anakula na kulala kwangu. Jioni akaja akanisomea kabla ya kutuma: msimamizi wa zege alitumia mchoro wa zamani, msimamizi wa taarifa za jengo aliamini neno la mdomo bila kuhakikisha. Kosa langu na lake, moja chini ya jingine. Akaniuliza, "Baba mkubwa, kuna mahali nimekuonea?" Nikamnunia siku mbili nzima, na siku zote mbili akaniamkia kama kawaida.

Siku ya tatu nikamwomba anifundishe hiyo tableti. Haki ya Mungu, mdogo wangu, miaka thelathini na minne nimefanya kazi na wanaume wanaojiita majasiri, na sijaona mtu mwenye msimamo kama huyu mtoto. Namheshimu. Namjivunia mpaka wenzangu kazini wamenichoka.

Si mimi peke yangu. Yule yule mkandarasi aliyempigia kelele ndiye aliyempendekeza juzi awe mkuu wa taarifa za jengo kwa hospitali nzima, na kwa chuo kitakachojengwa baada yake. Mkataba ameshaletewa.

Nisalimie sana shemeji. Msalimie shangazi, umwambie miwani yake nimeipata na nitaituma. Na yule binamu yetu Mbishi, mwambie nimekubali kwamba sijui kila kitu, atafurahi. Mungu awajalie nyote afya na amani ndani ya nyumba yenu.

Jana nilimwambia mwanao kwamba mimi, baba yake mkubwa, nimeridhia, atie sahihi. Akanishukuru kwa heshima zote, akaurudisha mkataba kwenye bahasha, akasema anamsubiri baba aliyemzaa. Wanautaka Ijumaa ya tarehe 21. Mpigie, mdogo wangu. Akipokea, usimuulize kitu. Mwambie ndiyo.

Kaka yako akupendaye na asiyechoka kukuombea.