Watu Niliowajaza Kwenye Mkutano wa Nyamizi

Rhoda Luhaga,
Bariadi Mjini,
Simiyu.

3 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Method,

Wangaluka. Najua barua itakufikia jioni au siku nyingine kabisa, lakini mimi nimeianza asubuhi, kwa hiyo pokea salamu ya asubuhi. Hujambo huko Masasi? Wifi yangu Gloria hajambo, na mgongo wake umepoa? Na kikohozi chako je? Nakiuliza kwa sababu kwenye simu uliniambia kimeisha, na ulikohoa mara mbili ukiniambia hivyo.

Sisi huku ni mhola tu, salama. Mama yupo Nkoma, anakula vizuri, anagombana na kuku wa jirani, na bado hataki kusikia habari za kuhamia kwangu mjini. Pamba imeshatoka shambani na vumbi limeanza.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Naandika kwa sababu maneno yakianza kuwa makali, mtandao wako huharibika ghafla. Barua haina mtandao. Nitampa Paschal, dereva wa lori anayepeleka mizigo kusini, na nimemwagiza akukabidhi mkononi, akae hapo mpaka aone umeifungua.

Habari kubwa ni ule mkutano wa mwanao. Picha umeziona, lakini picha hupigwa na watu wanaotaka mambo yaonekane mazuri. Mimi nilikuwepo tangu sufuria la kwanza, maana kikundi chetu cha akina mama ndicho kilichopewa jiko. Ulikuwa mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa hisabati, wa tawi wanaloliita uchanganuzi. Wenzake Nyamizi walitaka wakutane Arusha kama ilivyo kawaida, yeye akasimama akasema safari hii ni Bariadi. Unaelewa maana yake. Mkutano ukiharibika, wangesema huyu binti amewaleta wasomi wa dunia porini, na jina ambalo lingeanguka ni lake, na la baba yetu Luhaga nyuma yake.

Usiseme ni mimi tu niliyeanza kushuku. Mgeni akija Bariadi tunazijua sababu zake: anahubiri, anachimba, ananunua pamba, au anapiga picha watoto. Hawa hawakufanya hata moja. Walishuka na mabegi ya mgongoni, wakawa wanasimama wawili wawili uani wakichora hewani kwa vidole. Sokoni likavuma neno kwamba uchanganuzi ni wa udongo, na kwamba nyuma yao yanakuja matingatinga. Mzee mmoja wa Migato alimwona mgeni ameokota kijiwe barabarani, akamfuata mpaka alipokirudisha.

Halafu profesa mmoja wa India akasogeza sahani ya nyama pembeni. Nimechinja, nimepika, naye anasogeza! Kwetu mgeni akikataa nyama yako amekuambia kitu. Nikachukua kijiko nikaonja kwenye sahani yake mwenyewe, mbele ya watu, ili aone hakuna sumu. Nyamizi akanivuta pembeni kunieleza kwamba kwao nyama hawali tangu kuzaliwa. Nikampa mlenda na maziwa mgando, akamaliza akaomba tena. Hata hivyo niliendelea kumwangalia.

Nilimbana Nyamizi anieleze kazi yao ni nini hasa. Akasema wanachunguza jinsi kitu kinavyokaribia kingine, kama kweli kitafika au kitabaki kinakaribia tu milele. Nikamuuliza kama hilo si jambo la kutazama kwa macho. Akasema hapana, kwao hakuna anayeaminiwa kwa neno lake, hata awe profesa mwenye mvi. Kila kitu lazima kithibitishwe mstari kwa mstari. Hapo niliwapenda kidogo. Kumbe wapo watu wenye shaka kuliko mimi, tena wanaheshimiwa kwa hiyo shaka yao.

Sasa nikuambie habari za Keneth. Huyu ni kijana wa Mwamanyili, anafundisha chuo kimoja na Nyamizi, na ndiye aliyekuwa mwenzake katika kuandaa mkutano. Ana adabu mpaka inatia wasiwasi. Anainama kunisalimia, anabeba ndoo za maji bila kuombwa, anasifu wali ambao hajauonja. Nikamuuliza babu yake ni nani. Aliponitajia jina niliweka mwiko chini. Method, ni mjukuu wa yule Mgalu! Yule manju wa ngoma aliyewavuta watu wote wa baba uwanjani, baba akabaki anawapigia ngoma mbuzi. Wewe ulikuwa mdogo, lakini sisi wa ukoo huu, Bagika tunaoshindana na Bagalu kwa ngoma tangu enzi za mababu, hatujasahau. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, nikaanza kumfuatilia.

Siku ya pili ratiba ikabandikwa ukutani. Nikavaa miwani. Nyamizi, saa nne, chumba kidogo cha nyuma. Keneth, saa nne hiyo hiyo, ukumbi mkubwa. Umekaa kusini muda mrefu, kwa hiyo acha nikukumbushe: ngoma mbili zikipangwa kupigwa kwa wakati mmoja, hiyo huwa ni vita. Watu wanatembea kwa miguu yao kwenda kwa anayewavuta, na yule anayebaki na wachache anafunga ngoma zake kwa aibu. Nikamwonyesha Nyamizi. Akasema ndivyo mikutano yao ilivyo, wasemaji ni wengi na siku ni chache, hivyo lazima wazungumze wawili wawili vyumba tofauti. Kisha akacheka. Alicheka vile vile alivyokuwa akicheka baba kabla ya kushindwa.

Jioni ile nikamwona Keneth kwa macho yangu haya. Alikuwa peke yake katika chumba cha Nyamizi, ameshika tambara na chupa ya maji meusi, anaupaka ubao. Alipotoka niliingia nikaugusa, kidole kikatoka cheusi. Dawa ya kufukuza watu, nikasema, sihitaji profesa wa kunithibitishia. Niliuombea ule ubao sala zetu zote za Kikatoliki, na nilipozimaliza nikaongeza zile za walokole ninazozisikia kwa jirani.

Kisha nikampigia simu Ng'washi, binamu yetu wa Nkoma mwenye kikundi cha ngoma. Nikamwambia aniletee watu.

"Wangapi?" akauliza.

"Wote wanaoweza kukaa kimya."

"Basi mimi mwenyewe simo," akasema, lakini alikuja.

Walikuja na lori la pamba. Kabla ya saa nne chumba kilikuwa kimejaa: wacheza ngoma wa Ng'washi mbele, akina mama wa kwaya katikati, wazee wa Migato nyuma, na wengine wamekalia madirisha. Niliwaahidi pilau. Nikawaagiza mtu asipige kigelegele mpaka niinue mkono. Nyamizi alipoingia na chaki zake alisimama ghafla, akawatazama, akanitazama. Nilidhani ni furaha.

Halafu wageni wakaja. Method, walikuja wote. Yule profesa wa India, vijana wa Kenya na Ghana, na yule mama mwenye mvi kutoka Poland ambaye wenzake wote humpisha akipita, kila mmoja na daftari lake. Wakafika mlangoni, hapakuwa na pa kuweka mguu. Kwa adabu yao hawakusukuma. Wakasimama uani juani, na yule mama wa Poland akajaribu kuchungulia dirishani, akakutana na mgongo wa mzee wa Migato.

Keneth akaja mbio. "Mama, shikamoo. Ukumbi mkubwa mtupu kabisa. Tuwahamishie wote kule."

Nikasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku. "Watu hawa ni wa Nyamizi. Ukumbi wako ujaze na watu wako."

"Sina watu, mama."

"Ndiyo maana unataka wa kwetu!"

Ng'washi huko ndani akapuliza filimbi kuniunga mkono. Nikawatangazia kwa Kisukuma kwamba atakayenyanyuka asinitazame usoni tena. Hakuna aliyenyanyuka. Muda wa Nyamizi ulikuwa unakwenda, wageni wanatazama saa, wengine wamejifunika madaftari kichwani, na mimi nimeuziba mlango kama gunia la pamba. Nilikuwa na raha, ndugu yangu. Niliona nalipiza ya baba.

Ndipo mwanao akapita katikati ya watu mpaka nyuma yangu. Hakupaza sauti. "Sengi," akaniambia mimi shangazi yake, "toka mlangoni." Tangu aanze kusema hajawahi kuniambia neno bila tafadhali. Nikatoka.

Ikabaki shida ya ubao. Ukumbi mkubwa hauna ubao, una pazia jeupe tu la kuonyeshea picha, na Nyamizi hazungumzi hesabu bila chaki. Kumbe chumba kile kidogo alikichagua mwenyewe kwa sababu hiyo. Vijana wa Ng'washi wakaung'oa ubao ukutani, wakaubeba mabegani, wakavuka nao uwanja wakiimba, kwaya nyuma yao na wataalamu wa dunia nyuma ya kwaya, kila mtu na kiti chake. Keneth alikuwa amebeba viti vinne.

Nikamfuata nikamkamata shati. Nikamwambia aniambie mbele ya Mungu kwa nini alijipanga saa ile ile ya binti yetu, na ile chupa ilikuwa ya nini.

"Chupa ni mkaa niliousaga na maji, mama," akasema. "Ubao ulikuwa umechakaa, chaki haishiki. Na saa ile, kila niliyempanga aliomba nimhamishe. Wote walitaka kumsikiliza Nyamizi. Nikaona nijiweke mimi, maana hata mimi nilijua sitapata mtu."

Fikiria hapo. Ngoma ilikuwa imeshashindwa kabla haijapigwa, na aliyeshindwa alikuwa anajua, na amekubali kusimama uwanjani peke yake ili mtu mwingine asiaibike. Mgalu! Nilimwachia shati, lakini sikumwomba radhi papo hapo. Mtu mwema kiasi hicho ana jambo.

Nyamizi alizungumza mpaka muda wake ukapita, na hakuna aliyemkatiza. Sikuelewa kitu. Niliona ubao unajaa, unafutwa, unajaa tena, na wale wageni ambao mezani kwangu hawakukaa kimya hata wakitafuna, wamenyamaza. Yule mama wa Poland alisimama akaonyesha mstari mmoja kwa kidole na kuuliza swali refu, kwa sauti ya mtu asiyeamini. Naijua sauti hiyo, ni yangu. Nyamizi akarudi ubaoni, akaandika mistari mingine chini yake, pole pole. Yule mama akaisoma yote, akatikisa kichwa kukubali, akakaa. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele bila kungoja mkono wangu. Ng'washi alikuwa analia na hajui kwa nini.

Mchana tulipokuwa tunaosha masufuria, Nyamizi alikuja akakaa karibu yangu akaanza kusugua. Nikaanza kujitetea. Nikamwambia nilimshuku Keneth kwa ajili ya babu yake, na mtu mwenye macho haambiwi tazama. Hakuinua uso.

"Sengi, hukumshuku Keneth," akasema. "Ulinishuku mimi. Ungeamini nina watu, usingeniletea watu."

Nikazidi kusugua sufuria lililokuwa limeshang'aa, Method. Ni kweli. Siku zote zile nilimchunguza Mgalu wa watu ili nisijiulize kama mtoto wetu anatosha. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Sasa nakugeukia wewe. Ulimwambia mwanao huwezi kuja kwa sababu ya msimu wa korosho. Nimemuuliza Paschal, ambaye barabara ya huko ni kama sebule yake. Anasema ghala unalofanyia kazi halipokei korosho mpaka Oktoba. Kwa hiyo Julai yote ghala lilikuwa tupu na wewe ulikuwa umekaa. Nadhani najua kilichokuzuia, maana ndicho kilichonifanya mimi nimpigie Ng'washi. Uliogopa kukaa peke yako katikati ya viti vitupu ukimtazama. Mimi nikavijaza viti, wewe ukavikimbia. Ugonjwa ni mmoja.

Nami nikuambie jambo moja ambalo halimo kwenye zile picha. Ukumbi ulipojaa mpaka watu wakaegemea kuta, Keneth alimwashiria aanze. Hakuanza. Alikuwa anautazama mlango. Aliutazama mpaka watu wakaanza kugeuka kuona anamngoja nani, ndipo akachukua chaki.

Usinijibu mimi. Mwandikie yeye.

Mama anakusalimu, anasema yupo na hajafa kama unangoja hilo ndipo uje. Ng'washi na watu wake wanakusalimu. Nisalimie wifi Gloria na wanao wawili hapo nyumbani. Keneth naye amesema nikusalimie, ingawa hakujui, na hilo nalo bado nalichunguza.

Mungu wa baba yetu akutunze huko uliko, akufungulie njia ya huku, akupe na moyo wa kuipita.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Rhoda ng'wana Luhaga